Sikio la Nyapara

Barnaba, kwa heshima na taadhima nakujulisha kwamba baba mdogo Boazi amemng'ata nyapara sikio. Kipande kimetoka kabisa.

Alikwenda kudai mshahara alipe kodi ya kichwa, asije akafungwa. Nyapara akamwambia mbele ya wachuma kahawa wote, "Mshahara gani? Umeisha kwa pombe uliyokopa kwa mke wangu." Akamchapa kiboko usoni.

Ndipo akang'atwa. Damu ilitiririka mpaka kwenye kikapu cha kahawa. Mimi, mtoto wa misheni, nilifumba jicho moja tu.

Kipande kabisa, Barnaba.

Nyapara, huku ameshika kichwa, bado akasema, "Na hili sikio nalitia kwenye deni lako."

Baba mdogo akatema, akajifuta mdomo. "Basi tia na la pili," akasema, akamrukia tena.