Gari la Nyale, Lakini Nyale Yupi?

Gereji ya Nyale,
Karibu na Daraja la Sabaki,
Malindi.
12 Oktoba 2024

Mpendwa somo yangu, Nyale wa Garama,

Pokea salamu nyingi za kwetu. Je, mafua yale ya mwezi uliopita yamekwisha? Natumai baridi ya Bremen haijakuingia mifupani. Sisi huku ni wazima. Hawe, bibi yetu, goti lamsumbua akitaka kuinuka, lakini akishainuka hakuna amwezaye kwa maneno.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu wewe hunikata kauli kwa kicheko. Barua utaisoma hadi mwisho.

Ujumbe wako niliupata nikiwa nimelala chini ya gari lako. Wasema ukija Desemba utampelekea fundi Salman wa Mombasa alilaze chini kabisa na kulitia bomba la moshi la kelele. Somo, umenichoma.

Ulipolinunua kwa yule Mwitaliano aliyekuwa akihama, lilikuwa zuri kwa macho tu. Springi ngumu kama ubao. Kila tuta la Gede lilinipiga kiunoni. Sikuigusa injini, maana nguvu lilikuwa nazo, lilichokosa ni utulivu. Nikabadili springi na shokomzoba, nikaliteremsha sentimita mbili, basi. Presha ya tairi nilijaribu thelathini na mbili kote, mkia ukawa wateleza kwenye kona. Nikashusha za nyuma hadi thelathini, likatulia. Sasa ukienda Mambrui, usukani wakwambia barabara ilivyo kabla macho hayajaona. Gari lasikia, sijui niseme vipi tena.

Nikipita nalo mjini watu huita, "Nyale! Gari la Nyale hilo!" Nami hupunga mkono, kwani jina si la babu, nasi wajukuu wawili tumelirithi sawa? Lakini najua wanayemsifu. Hata mke wangu Zipporah, siku ya kwanza kupanda, alijinyoosha kitini akasema, "Kweli Nyale ana bahati." Nikageuka kumtazama. Hakunikusudia mimi.

Jumapili Hawe akaja kulibariki. Akajaza maji kinywani, akayapuliza juu ya boneti kama ilivyo desturi yetu, akasema, "Gari la Nyale, liende lirudi, njia iwe baridi." Nikaona nami nijipatie fungu langu.

"Hawe, Nyale yupi?"

Akanitazama nilivyojaa grisi hadi viwikoni. "Nyale mwenye gari. Wewe si fundi tu?"

Dada yako Dena alicheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka. Chakula cha siku ile sikukimaliza.

Basi niseme wazi: nakuonea wivu. Si kwa Ulaya, wala kwa kazi yako. Gereji hii niliianza kwa spana za kuazima na sikumpigia mtu magoti. Wivu wangu ni wa gari hilo moja, kwa sababu wewe walimiliki na mimi ndiye nilijuaye. Huyo Salman hajalikalia hata siku moja! Akililaza chini, tuta la kwanza litalikwaruza tumbo, na springi nilizozihangaikia zitatupwa nyuma ya karakana yake.

Ombi langu ni moja. Ukifika, njoo uchukue ufunguo kwanza. Liendeshe peke yako hadi Kilifi, upite msitu wa Arabuko asubuhi kabla ya malori, na redio uizime. Mimi nitabaki gereji; sitaki kukuchungulia uso. Ukifika Kilifi na bado wataka kelele, nenda moja kwa moja Mombasa, sitakununia. Nitakununia, ila si mbele ya Hawe. Ukigeuza ukarudi, Zipporah atakuwa amekupikia wali wa nazi.

Nisalimie shemeji Gladys na mtoto. Hawe, Dena na Zipporah wanakusalimu. Mungu akulinde huko kazini na akurudishe kwetu na afya yako.

Ni mimi, akupendaye hata akinuna,
Nyale wa Kombe

Nilisahau: kiti nimekipanga kwa urefu wa miguu yangu, nawe hutaifikia klachi. Chini yake kuna kishikio cha kukisogezea mbele. Lakini siku hiyo ya kwanza, tafadhali, kaa kidogo kabla hujakisogeza.