Udongo wa Zizi la Bibi

Paskazia,

Lori la Ushirombo linanipigia honi. Ugali nimeufunika.

Miche ya tumbaku imeungua. Bibi yako aliitilia mbolea ya chumvichumvi kwa viganja, kama samadi, akidhani ananisaidia. Nami asubuhi nikamfokea, mama mkwe wangu, mbele ya majirani. Ameenda kukaa mahameni, pale walipohama zamani, bila kunywa uji.

Ng'oa iliyokauka. Iliyobaki imwagilie maji mengi mara tatu, chumvi ishuke chini. Kisha tandaza juu udongo mweusi wa zizi lake la zamani, kule kule mahameni. Una vijidudu hai visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vitakavyoiamsha mizizi. Mimi hayo nilifundishwa chuoni. Yeye siku zote maboga yake huyapanda pale.

Usichote bila ruhusa yake, wazee wamezikwa pale. Na bila udongo huo mwaka huu hatuna cha kupandikiza. Mpelekee uji, piga goti, mpe shikamoo, umwambie ~~nimemsamehe~~ naomba radhi.

Akikataa, usimbembeleze. Mwagilia tu. Kesho nikishuka kwenye lori nitapita mahameni kwanza, nipige goti mwenyewe.

Mama yako