Seneta wa Marekani na Sahani ya Bi Zuwena

Jumatano. Joto la kaskazi limepenya mpaka ndani ya kuta za mawe, na mimi nimechoka. Nimechoshwa na mtu ambaye hajui hata Unguja iko wapi.

Mtu huyo ni seneta wa Marekani. Jina lake silitaji, halistahili nafasi hapa. Baba alimgundua kwenye video za simu. Tangu astaafu kazi ya bandarini anatazama habari za dunia akitoka tu kuswali alfajiri, na seneta huyu amemwingia moyoni. Anasema adui hazungumzwi naye, anawekewa vikwazo mpaka apige magoti. Anasema Wamarekani wachimbe mafuta yao, wengine watajijua. Baba humsikiliza kwa utulivu wa mtu aliye kwenye hotuba ya Ijumaa.

Pilipili usiyoila yakuwashia nini?

Upande wa pili wa kichochoro chetu anakaa Mzee Saidi. Yeye na Baba wamekunywa kahawa kwenye baraza moja tangu sijazaliwa. Mwanawe, Khalfani, ndiye mchumba wangu. Posa ilishakubaliwa, nikaha ni baada ya Idi. Khalfani anapeleka watalii kutazama pomboo kule Kizimkazi, na mafuta yakipanda bei, boti inalala.

Basi juzi Baba akamsifu seneta wake barazani. Mzee Saidi akamwambia, "Huyo akikaza vikwazo kwao, mafuta yanapanda, na boti ya mkweo ndiyo inayokaa kavu huku." Baba akamjibu kuwa mwanamume mwenye msimamo haangalii tumbo lake. Mzee Saidi akaweka kikombe chini, kahawa haijaisha, akaingia ndani kwake.

Yangeishia hapo. Lakini hawa wazee wetu! Siasa za mafuta za dunia nzima wanazijua, kuombana radhi hawajui.

Jana Bi Zuwena, mkewe Mzee Saidi, akatuletea mkate wa kumimina, umefunikwa kawa. Hakuna mtu mtaani kwetu asiyejua maana ya sahani ile. Yaishe. Tena sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiwa huna kitu, unatia hata sukari kidogo.

"Irejesheni vivyo hivyo," Baba akasema.

"Tupu?" Mama akauliza.

"Tupu. Mpaka aje aseme kakosea."

Na mkate alikuwa ameshaula! Vipande viwili, kwa chai! Mama aliipeleka sahani ile ameinamisha uso.

Leo asubuhi jibu limefika. Mshenga wao kapita kutuambia kuwa upande wa pili "wanaomba muda." Nani asiyejua maana ya kuomba muda? Nimelia jikoni, nikasingizia vitunguu. Khalfani akapiga simu kuniambia tuwaache wazee wapoe, nami kwa hasira nikamkatia, na akipiga tena sipokei. Halafu nikajitazama. Kumbe na miye ni seneta.

Nampenda Khalfani. Naandika hapa wazi kwa sababu nyumbani hakuna anayeniuliza. Wanazungumza heshima, msimamo, nani aanze. Na kwenda kwao mwenyewe siwezi, mchumba hakanyagi ukweni kabla ya nikaha. Watasema kajipeleka.

Alasiri nilichungulia dirishani. Baba alikuwa peke yake barazani, simu ipo mfukoni, haitazami. Muuza kahawa alipompa kikombe, alikishika tu bila kunywa. Nikataka kufurahi, sikuweza. Akapita jirani mmoja wa nyuma yetu, akasalimia, akataka kukaa pale kwenye pembe anapokaa Mzee Saidi.

Baba akaweka mkono pale juu ya jiwe la baraza.

"Hapo pana mwenyewe," akamwambia.

Nimekasirika upya kuliko asubuhi. Kumbe anamtaka! Anamwekea nafasi mtu ambaye yeye mwenyewe kamrudishia sahani tupu, na harusi yangu iko katikati ya kichochoro inangoja nani aanze.

Kesho napika visheti. Nitavijaza kwenye sahani yetu kubwa, nifunike kawa, nimkabidhi Baba mkononi avuke nayo. Akikataa naivukisha miye, mchana kweupe, na mtaa useme utakalo.