Wimbo wa Mavuno na Mkono Wangu

Ijumaa. Baridi ya Njoro leo inauma masikio, na roho yangu haijatulia.

Mimi ndiye hupiga ngoma kanisani, watu wakipeleka mavuno madhabahuni. Sasa wamenunua kinanda cha stima. Mjukuu wangu Njeri, ambaye ndiye mwalimu wa kwaya, ameweka kwa simu kitu cha kupima mwendo wa wimbo. Unagusa kioo kama unapiga ngoma, namba inatokea, na mdundo wa kinanda unawekwa kwenye namba hiyo.

Jana nikagusa. Namba ikapanda. Ikashuka. Ikapanda tena.

"Shosho, unakimbia," mjukuu akaniambia.

"Nakimbia wapi na nimeketi? Wimbo si unga, upimwe kwa kilo!"

Tukarudia. Ikawa vile vile. Njeri akaigeuza simu kifudifudi mezani. Nikauficha mkono ndani ya shali.

Mama yangu alianza hivyo. Kikombe kilikuwa kikilia kwenye sahani kabla hajakinywea.

Usingizi haukuja vizuri. Asubuhi nikajiambia, wacha ujinga, wewe hupigi ngoma ukiangalia kioo. Unaangalia miguu. Mwenye gunia la viazi anatembea pole, mwenye kuku anaharakisha, na ngoma inawashika wote. Hiyo simu ina miguu?

Nikamwita Njeri abebe debe la viazi kutoka stoo hadi jikoni, akienda akirudi, nami niguse kioo nikiangalia miguu yake.

Namba ikasimama! Haikutikisika hata kidogo. Nikamtukana vizuri, yeye na simu yake. "Hata chuo hawakukufundisha kutembea, ni mimi nimekufundisha!" Akacheka, akaweka debe chini kwa mkono mmoja.

Mkono mmoja.

Nikaenda kuliinua. Lilikuwa nusu tupu.

"Mbona ulikuwa unatembea pole hivyo?"

"Shosho, chai inapoa." Hakuniangalia.

Alikuwa akiningoja. Sikufuata miguu yake, miguu yake ndiyo ilifuata mkono wangu. Na kama yeye amejua kuningoja, kanisa zima limeningoja tangu lini? Hawa watu wana heshima mbaya sana, wanaweza kukubeba mwaka mzima bila kukwambia.

Jumapili nitapiga. Nitaangalia miguu yao bila kupepesa jicho. Nikiona hata mguu mmoja umesimama hewani ukiningoja, vijiti vya ngoma nitampa Njeri mbele ya wote, kabla hajaniomba.

Mungu, wafanye wakanyage tu.