Kikohozi cha Damari

Vero, dada Damari karudi nyumbani na tranka. Ndiyo, tranka la Tumpe. Mtoto hajaenda shule.

Walikuwa barabarani Iyunga tangu asubuhi wakisubiri basi la Iringa. Godoro limefungwa, ndoo imeandikwa jina, jembe lina mpini mpya. Unajua alivyohangaikia hicho kidato cha kwanza. Basi likaja, kondakta akapakia kila kitu, Tumpe akapanda. Damari akakohoa.

Kakohoa tu, Vero. Mafua ya hizi mvua.

Tumpe akashuka. "Mama, siendi. Ukikohoa hivyo unakufa."

Mbele ya basi zima. Unakufa.

Damari akauliza nani kamwambia. Eti katuni zote. Mtoto akiondoka kwenda mbali, mama anakohoa kidogo, halafu kaburi. Eti hata zile filamu tunazoangalia saluni, kikohozi kimoja, kitambaa kina damu, kwisha.

Kondakta akasema anachelewa, akashusha mizigo.

Damari hakuwa hata na nguvu ya kugomba. Akakaa juu ya tranka, akamwambia hizo ni hadithi, wanamuua mama ili steringi, yule mkuu wa hadithi, apate pa kuanzia safari.

Tumpe akafikiri weee. "Basi kesho nitaenda. Ila mimi nisiwe steringi, niwe rafiki yake. Mama wa rafiki hafagi."

Sasa hivi Damari kajilaza chumbani. Anakoholea kwenye mto, Tumpe asisikie.