Kiprono, Nimeifuta Ile Sehemu Yako

Rafiki yangu Kiprono,

Nimechoka, bwana. Wiki nzima nimefanya kazi ambayo wewe ungeimaliza ukipiga mluzi.

Ni ile hifadhidata yetu, programu ya kutunza rekodi tunayoijenga bure pamoja na watu wa nchi nyingi tusiowajua hata sura. Wenzetu waliamua sehemu uliyoiandika iondolewe. Uliiandika kwa ajili ya kituo cha maziwa cha kwenu Olenguruone, ili stima ikipotea rekodi zisipotee nayo. Siku hizi kituo kina sola, na kuna njia mpya. Hakuna anayeitumia yako, ila kila tukirekebisha kitu, yenyewe inaharibika na kutusumbua. Hata mimi nilikubali iende. Wakanipa mimi niifute kwa kuwa wewe ndiwe uliyenifunza kazi.

Nilianza asubuhi hapa Gilgil, chai ikipoa mezani. Katikati ya mistari yako ya programu uliacha onyo kwa Kiswahili, lile ambalo wenzetu wa ng'ambo walikuwa wakiuliza maana yake: "Usiguse hapa, utalia." Nilicheka peke yangu. Kisha nikagusa, na kweli nikalia.

Halafu mtambo unaopokea mabadiliko yetu ukagoma. Unajua kwetu hakuna anayefuta kitu mpaka mwenye sehemu hiyo akubali, na mwenyewe ni wewe. Mtambo ukaandika: inasubiri idhini ya Kiprono. Nikazima kompyuta. Kesho yake bado ulikuwa unasubiriwa. Mwenzetu mmoja wa Brazil, asiyejua, akakuandikia kwa upole kukuuliza kama uko likizo. Niliufunga ujumbe wake. Udongo wa kaburini nilikurushia kwa mkono wangu mwenyewe, lakini hakuna kati yetu aliyekumbuka kuliondoa jina lako kwenye orodha ya wenye sehemu.

Jana nililiondoa, nikaweka langu. Mtambo haukuuliza lolote, ukaifuta sehemu yako. Wanasema hakuna kinachopotea, kwamba anayetaka anaweza kuchimba matoleo ya zamani akaisoma kazi yako. Nani atachimba, Kiprono? Watu wamechoka.

Yule wa Brazil nimemwambia. Akauliza jina lako linatamkwaje. Nikajirekodi nikilitamka, nikarudia mara kadhaa mpaka likatoka sawasawa, nikamtumia.

Pumzika sasa. Sehemu zako zilizobaki nitazitunza mimi, na atakayesubiri idhini yangu nitamjibu siku hiyo hiyo, maadamu nipo.

Wako,
Wanjiru