Kaptula Nilizoshona za Mizani

Jumatano, 5 Juni

Nesi amenipa daftari hili, kasema andika kidogo kila siku, mkono utazoea. Sijui linaanzwaje. Mimi niliishia darasa la nne, nilichowahi kuandika ni barua tu, basi nianze kama barua.

Hapa nyumbani hatujambo. Baba watoto hajambo, anashona viatu vya watu, kidole gumba bado kimevimba pale alipojigonga nyundo. Mama mkwe hajambo, ila goti. Binti yangu mkubwa hajambo, yuko kidato cha pili, maneno mengi. Mapacha hawajambo, wamevunja kikombe kingine. Paka hajambo. Mimi nami sijambo isipokuwa wasiwasi, na wasiwasi si ugonjwa, ndivyo nilivyoumbwa.

Kazi yangu ni kupima watoto kliniki. Ya kujitolea, lakini naipenda. Leo watoto thelathini na wanane. Mama anamvalisha mwanawe kaptula ya kupimia pale benchi, mimi namnyanyua, namtundika kwenye ndoano ya mizani kama kikapu, sindano inakimbia, inatulia, nasoma. Natoa mstari mmoja wa uzito wa kaptula — kila mstari gramu mia — naandika. Zamani ilikuwepo skrubu ya kurudisha sindano kwenye sifuri. Ilivunjika. Nesi ameomba mizani mpya miaka mitatu, kwa hiyo tunatoa mstari.

Kaptula nilishona mwenyewe, Februari. Zile za kwanza zilikuwa kitambaa chepesi, zinawakata mapajani, vilio mpaka barabarani. Zangu mbili ni za turubai, ndani blanketi, bizimu nilitoa kwenye mkoba wa shule uliochakaa. Sasa hawalii. Leo Kipepeo kasinzia mle mle, ananing'inia, mate yanamtoka. Kipepeo ni mtoto wa jirani yangu mfua nguo, mwaka mmoja na miezi minane. Tumemwita hivyo kwa wepesi wake.

Ijumaa, 7 Juni

Kaja Bwana Takwimu. Ndiye anayekusanya hesabu zetu kupeleka ofisi kubwa. Vituo saba, pikipiki moja, koti moja. Nikampa chai kabla hajavua kofia, kwa sababu najua hajala.

Ana furaha. Katuonyesha mchoro wa uzito kwenye simu: mwaka jana vitone vya watoto wetu vyote chini, kwenye nyekundu. Tangu Machi vimepanda kwenye kijani. Katika vituo saba ni sisi tu. Anauliza mmefanyaje. Nesi akaninyooshea kidole, akasema muulize huyu, anawabembeleza mpaka wananenepa. Nikaona haya, nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Halafu akatoa waraka. Kuna mwongozo mpya wa taifa zima: unga wa lishe uende penye watoto wengi wa nyekundu. Unga hautoshi nchi, wanaugawa kwa kufuata vitone. Magunia yetu kumi na manne yatabebwa Ijumaa ijayo, yaende kituo kingine. Watoto wetu kumi na mmoja wa kwenye orodha wasimamishwe, Kipepeo mmoja wao.

Ni haki. Nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba ni haki, huko nako kuna mama zao. Ila nikamuuliza, na huyu Kipepeo? Mbona mikono yake bado ni njiti? Kasema kwa upole, mama, ana kilo nane na mistari sita. Nyekundu inaanzia chini ya nane na minne. Kijani ni kijani.

Nimelala na hiyo mikono.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefua kaptula za kupimia. Mvua ikashuka nikiwa sijaanika. Nimeingia nazo kliniki, ufunguo ninao, nikatundika moja kwenye ndoano ya mizani na moja dirishani. Sindano ikaenda mpaka mstari wa kumi na moja. Nikacheka peke yangu — maji nayo yana kilo.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi kaptula zimekauka, kavu kabisa, nimezibana shavuni kuhakikisha. Na sindano iko kwenye sita.

Nikaitoa, sindano ikashuka sifuri. Nikaitundika. Sita. Nikachukua ya pili. Sita.

Nilikaa chini sakafuni.

Hatujawahi kuzitundika tupu. Zinafika kwenye mizani zikiwa na mtoto ndani. Na mimi natoa mstari mmoja, kwa sababu zile nyembamba zilikuwa mstari mmoja, na nilivyozoeshwa ndivyo. Turubai, blanketi, bizimu. Tangu Februari kila mtoto wa kituo hiki nimemwongezea mistari mitano kwa sindano yangu na uzi wangu. Nusu kilo. Hawakunenepa. Nimewavika unene.

Baba watoto nilipomwambia alicheka kwanza. Kasema na mimi nishonee, nionekane mtu mzito. Kisha akaniona uso, akaacha nyundo, akasema nenda kwa nesi sasa hivi, mama, usingoje kupika.

Nesi kasikiliza amesimama. Baada ya wiki mbili anaitwa ofisi kubwa kupewa cheti cha kituo kilichofanya vizuri. Ameshaazima viatu. Alivuta kitabu cha mizani kabatini, akakifungua. Ndipo akasema: mie ndiye niliyepaswa kuitundika tupu kila asubuhi. Imo kwenye kitabu, ukurasa wa kwanza. Nimeacha tangu skrubu ivunjike.

Nikamwambia nitoeni tu, mtafute mwingine. Kasema nikikutoa wewe nani atawanyamazisha? Kaite watoto.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbili tumepima upya. Nyumba kwa nyumba nimewaita, na kwa kila mama nimesema kosa ni langu, nisije nikaacha lizunguke likaitwa la mtoto. Mmoja kanijibu, kumbe ndiyo maana nilimwona mwepesi mgongoni, nikadhani mimi ndiye nimepata nguvu. Tukacheka wote, halafu akalia.

Watoto arobaini na mmoja. Wa nyekundu kumi na watatu. Kipepeo kilo nane na mstari mmoja. Mama yake hakunilaumu. Alinishika mkono tu, mkono wake una harufu ya sabuni siku zote, akasema bora tumejua angali anacheka. Ningependa angenitukana kidogo.

Nesi kampigia Bwana Takwimu. Simu iliwekwa spika, nikasikia. Naye kasema magunia yanafuata namba za Mei, na Mei imeshafungwa kwenye mfumo, ukiingiza namba mpya inakataa. Wa kuufungua mwezi ni mtu mmoja tu ofisi kubwa, na anataka barua ya aliyepima, mwandiko wake, na muhuri wa kituo. Nesi akasema aliyepima ni mama. Bwana Takwimu akasema, basi mama aandike, nakuja mwenyewe kuichukua, nitaketi mlangoni kwa huyo mtu mpaka anione.

Alhamisi, 13 Juni

Barua nimeiandika mara nne. Binti yangu alitaka kuinyoosha iwe ya kiofisi, nikamkatalia. Nimebakiza nakala hapa:

"Kwa mkubwa wa hesabu za watoto. Salamu nyingi. Watoto wa huku wanakusalimu. Kipepeo anakusalimu, kilo nane na mstari mmoja. Pacha wa fundi seremala anakusalimu, kilo saba na mistari miwili, mwenzake saba kasoro mstari. Wa muuza mkaa anakusalimu, kilo tisa, ila ana miaka mitatu." Hivyo mpaka wa kumi na tatu. "Kaptula niliwashonea kwa kuwaonea huruma. Uzito wa kaptula usiwe uzito wao. Tafadhali fungua mwezi."

Bwana Takwimu kaichukua saa mbili asubuhi. Kaisoma amekaa kwenye pikipiki, kaikunja polepole, kaiweka mfuko wa ndani. Chai yake ameiacha.

Saa sita lori limefika. Leo, si kesho. Dereva anasema alikuwa anapita upande huu, karatasi yake inasema magunia kumi na manne, na yeye anafuata karatasi. Si mtu mbaya. Kauliza kama kuna maji ya kunywa.

Nesi ameketi juu ya magunia na daftari la kupimia mapajani, anaandika vitu ambavyo najua havipo. Mimi nimemwambia dereva hapa kwetu mgeni hapewi maji matupu. Nimechemsha chai. Anapenda sukari nyingi, nashukuru, inachukua muda kukoroga.

Anasimulia watoto wake. Wanne. Wa mwisho naye mwembamba, anasema. Nikamwambia mlete tumpime, mizani yetu sasa inasema kweli.

Nimemtumia Bwana Takwimu ujumbe kwa simu ya nesi, nimebonyeza herufi moja moja: Umeonana naye? Dereva yuko kikombe cha tatu. Nijibu upesi.

Birika nimeongeza maji.